Mche wa Nne

Mama alipiga simu kutoka Mwambani.
"Masika hiyo imeshuka, mwanangu, unangoja nini?"
Nikamwambia huku Shume masika si mlango, ni mtego:
inakukaribisha, inakulainishia udongo,
kisha inakukabidhi kwa kipupwe
na kipupwe hakikuachii mpaka Agosti imekatika.
Akacheka. Hajawahi kuona jani likivunjika kama kigae.

Mimi nimeliona.
Mwaka juzi nilipanda mnazi,
mche wa uani kwetu, nilioupakata kwenye basi
kutoka Tanga mpaka Lushoto
kama mtoto wa kuazima.
Ulisimama miezi miwili.
Asubuhi moja ya Julai kabichi za Shehoza zimepakwa chumvi,
sakitu,
na mnazi wangu umekuwa rangi ya chai ya jana.
Shehoza alikuja na blanketi mabegani, akautazama,
akasema, "Pole kwa msiba."
Nilitaka kumchukia. Lakini alikuwa amevua kofia.

Ndiye aliyenionyesha ule mti
nyuma ya stoo ya zamani ya misitu:
ukoo wa mnazi, ila mfupi,
shina limevaa manyoya kama beberu,
majani mapana ya kupepea jiko.
"Huu nimeukuta. Baridi zote umeziona."
Chini yake tuliokota mbegu thelathini.
Zilizoota ni nne.

Miche minne, katika makopo ya maziwa,
imekaa jikoni kwangu kipupwe chote ikivuta moshi.
Shedafa huisogeza akitafuta chumvi.
"Mti usioogopa baridi," ananiuliza,
"unaota moto wa nini?"
Namjibu: hata mwanambuzi wa mlimani
huzaliwa akitetemeka.

Basi lini?
Bwana shamba alisema Septemba, akawasha pikipiki.
Kalenda ya ukutani ina picha ya trekta,
haijui lolote kuhusu Shume.
Agosti mwanzoni jua lilitoka siku tano mfululizo,
jua tamu, la uongo.
Nikabeba kopo moja mpaka mlangoni,
nikakumbuka rangi ya chai,
nikalirudisha.

Nimejifunza kusoma vitu vingine.
Maji ya bomba, yanapoacha kuuma meno.
Chupa ya mafuta ya nazi dirishani, aliyonitumia Mama:
yakiwa meupe, magumu, ngoja;
yakianza kulegea pembeni kabla ya adhuhuri, jiandae.
Mipichi ya Shehoza, na si maua yake ya kwanza,
yale hudanganyika kama mimi.
Mwanasiti akienda shule akasahau sweta
na asirudi kulifuata.
Na kidole. Alfajiri nakichomeka ardhini
mpaka kifundo cha pili, nahesabu ishirini.
Kikitaka kutoka, bado.

Jana kilikubali kukaa.

Wiki mbili nzima nilikuwa naitoa nje mchana,
usiku naiingiza,
kama wagonjwa wanaozoeshwa kutembea.
Leo nimepanda mitatu
nyuma ya ukuta wa mawe, upepo usikofika,
kwa samadi iliyooza mpaka ikasahau ng'ombe.
Sikushindilia. Nimebonyeza kwa viganja tu,
kama unavyofunga barua usiyo na haraka nayo.

Haitazaa dafu. Mama ameuliza mara tatu.
"Sasa mti wa nini?"
Sikumweleza kwamba siku ile, nyuma ya stoo,
upepo ulipita, majani yakagongana,
makavu juu ya makavu,
nikasikia paa letu la makuti
mvua ikiwa bado mbali.
Nikashika lile shina la manyoya
nikajifanya natafuta wadudu.

Mche wa nne nimeubakiza jikoni.
Septemba nayo ina ulimi.
Shedafa ameuona, hakusema kitu.
Amechukua chumvi yake,
akausogeza kidogo
upande wa moto.